Hanadi wa Kitabuni na Hanadi wa Kwenye Picha

Kila itajwapo sinema katika kurasa kama hizi, mazoea yetu ni kuuliza swali moja tu, nalo ni kama yafaa kuangaliwa au haifai. Swali hilo lina haki yake, na wenye elimu kunishinda wamelijibu, kila mmoja kwa dalili zake. Mimi leo nataka kukuuliza jingine, ambalo limenikosesha usingizi siku kadhaa. Mtu akikipenda kitabu, akakisoma mpaka akakihifadhi nusu yake, kisha akaiona hadithi ile ile imefanywa filamu, ndipo akatambua kwamba miaka yote ile hakuwa amekiona kilichomo. Je, aliyekosa ni nani? Ni kitabu, ni filamu, au ni yeye msomaji?

Kitabu ninachokikusudia ni Duau al-Karawan, yaani Dua ya Karawani, riwaya ya Bwana Taha Hussein wa Misri iliyotoka mwaka 1934. Karawani ni ndege aliaye usiku, na watu wa Misri husema kwamba katika mlio wake anamwambia Mola wake kuwa ufalme wote ni Wake. Ndiyo maana mlio huo ukaitwa dua. Taha Hussein alizaliwa mwaka 1889 kijijini, akapofuka angali mtoto mdogo, akahifadhi Qur'ani, akaingia Azhar mwaka 1902, akagombana na masheikh wake, akaenda Ufaransa, akarudi na shahada, na mwaka 1950 akawa waziri wa elimu. Sikubaliani naye katika mengi. Kitabu chake cha mwaka 1926 juu ya mashairi ya zama za Ujahilia kilizusha fitina kubwa, na mpaka leo naona baadhi ya waliomjibu walikuwa na haki. Walakini ukinitaka nikutajie watu watano walioandika Kiarabu fasaha katika karne ya ishirini, sitaweza kumwacha, hata nikitaka.

Nakala yangu niliipata mwaka 1982 kwa rafiki yangu aliyerejea kutoka masomoni Cairo. Jalada lake limekwisha kupotea na kurasa zimekuwa rangi ya chai. Nimekisomesha kitabu hicho kwa wanafunzi wangu wakubwa wa Kiarabu kwa zaidi ya miaka thelathini, na pambizoni nimeandika kwa penseli maelezo ya nahau na balagha, hata hapana nafasi ya kuongeza neno.

Hadithi yenyewe kwa ufupi ni hii. Mama mmoja na binti zake wawili, Hanadi na Amna, wafukuzwa kijijini kwao kwa sababu baba yao alikuwa mtu wa kuwaendea wanawake, akauawa kwa ajili hiyo. Angalia, ewe msomaji, kwamba tangu mwanzo wanawake ndio walipao deni la mwanamume. Mjomba wao ndiye awatoaye, kwa kuogopa aibu. Wafika mji mdogo, kila mmoja apata kazi ya utumishi katika nyumba. Amna aangukia nyumba ya maamuri, mkuu wa wilaya, afanya urafiki na binti wa nyumba ile aitwaye Khadija, na kwa kukaa naye ajifunza kusoma. Hanadi aangukia nyumba ya mhandisi kijana aishiye peke yake, naye akamharibu. Mama alipojua aliwachukua binti zake wakatoka mjini, akampelekea habari ndugu yake. Mjomba akaja na ngamia kuwarudisha kwao. Njiani, usiku, jangwani, akamshusha Hanadi, akamuua, akamzika pale pale, na karawani analia juu. Amna akaugua, akapona, akatoroka, akarudi mjini kwa nia ya kumlipizia dada yake. Akaingia nyumba ya yule mhandisi awe mtumishi wake, na kisasi kikaanza kugeuka mapenzi.

Filamu ilitengenezwa mwaka 1959 na Bwana Henry Barakat. Bibi Faten Hamama ndiye Amna, Bwana Ahmed Mazhar ndiye mhandisi, na Hanadi ni Bibi Zahrat al-Ula. Mwaka 1960 ilipelekwa katika tamasha la filamu la Berlin, na Wamisri huihesabu katika filamu zao bora. Sinema za Kimisri zilikuwa zikifika pwani yetu tangu enzi za wazazi wetu, kwa hiyo siwezi kusema kwamba nilikosa nafasi. Nilikataa. Niliwaambia watu kwamba nakataa kwa ajili ya dini, na kwa sehemu ilikuwa kweli. Lakini sehemu kubwa zaidi ilikuwa wivu. Nilikuwa na Amna wangu, niliyemjenga mwenyewe kwa maneno ya Taha Hussein, sikutaka mtu aniletee mwingine mwenye sura. Wapenzi wengi wa vitabu wana ugonjwa huu, nao huuita heshima ya fasihi.

Basi mwaka huu mjukuu wangu wa kike, ambaye asoma chuo kikuu, alinijia na kompyuta yake. "Babu," akaniambia, "hiki kitabu chako ndicho tulichopewa, na mwalimu ametutaka tukilinganishe na filamu. Kaa nami tuangalie, unifahamishe Kiarabu." Nikaona haya kumkatalia mtoto jambo la masomo. Tukakaa sebuleni baada ya sala ya Isha.

Mwanzoni nilikuwa hakimu mkali. Picha ni nyeusi na nyeupe, hilo halikunidhuru. Kilichoniudhi ni lugha. Kitabu ni fusha tupu, Kiarabu cha mimbari, hata watumishi na mabedui husema kama makhatibu. Katika filamu watu wasema kama wasemavyo Misri, na mama ni mama wa shamba hasa. Nikamwambia mjukuu wangu kwamba hapa wameshusha kitabu kutoka juu ya rafu wakakitia sokoni. Akanyamaza, akaandika katika daftari lake. Sijui aliandika nini.

Kisha ukafika usiku ule wa jangwani.

Ndugu msomaji, mlango ule nimeusoma mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Nimewahi kuusoma kwa sauti mbele ya darasa, wanafunzi wakasema Allah, kwa uzuri. Taha Hussein, kwa kuwa hakuona, alikuwa akiwaimlia waandishi wake, na ndiyo maana sentensi zake huenda zikarudi, zikapanda zikashuka, kama mtu asomaye wiradi. Utamu wa maneno yale ulikuwa ukinichukua mkononi, ukanipitisha juu ya damu bila miguu yangu kulowa. Nilikuwa najua kwamba Hanadi ameuawa kama mtu ajuavyo kwamba katika sentensi kuna mtendwa. Kitabu humwachia msomaji hatamu, akitaka ataharakisha, akitaka atasimama kwenye tashbihi iliyompendeza na kumwacha maiti nyuma yake. Picha haikuniachia hatamu. Yule binti alikuwa na uso, na uso ule ulikuwa wa mtoto aliyechoka na safari, ambaye bado anamtazamia mama yake amsemee neno. Mama hakusema. Nikajikuta nimeinuka kitini.

Mjukuu wangu akaisimamisha picha. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Babu, wewe umekisomesha miaka yote hii. Ulikuwa ukiwaambia nini wanafunzi wako juu ya yule mjomba?"

Nikamjibu, "Sisi tulikuwa tukisoma lugha."

Haya ndiyo majibu niliyoyatoa, na tangu usiku ule yananirudia. Maana mimi si mtu asiyejua hukumu ya lile lililotendeka. Kila mwanafunzi wa chuo ajua kwamba katika Suratun-Nur amtuhumuye mwanamke mwenye kujihifadhi kisha asilete mashahidi wanne, yeye ndiye apigwaye mijeledi themanini. Twajua kwamba hapana baba, wala kaka, wala mjomba, aliyepewa na sheria upanga wa kutekeleza adhabu nyumbani kwake. Twajua habari ya Hilal bin Umayya, sahaba aliyemshika mkewe, akaja kushitaki kwa Mtume (S.A.W.), wala hakuambiwa rudi ukaue, wakaapizana, na mke akaenda zake akiwa hai. Na twajua kwamba Mwenyezi Mungu katika Suratut-Takwir ametaja siku ambayo mtoto wa kike aliyezikwa hai ataulizwa yeye mwenyewe ni kwa kosa gani aliuawa. Aya hiyo tumeihifadhi tukiwa na miaka saba, na tumekuwa tukidhani yawahusu Makureshi peke yao. Yule mjomba alimzika binti jangwani katika nchi yenye misikiti, akapanda ngamia wake. Nami katika pambizo ya ukurasa ule ule nimeandika kwa penseli: "Tazama uzuri wa kukariri."

Lakini kuna jambo jingine, na lau si hilo nisingelishika kalamu.

Miaka ya tisini mwanzoni alinijia nyumbani baba mmoja, mtu wa heshima, rafiki yangu wa msikitini. Binti yake, mwenye miaka kumi na saba, alikuwa amepata mimba. Huku kwetu hatuui kwa kisu. Alichotaka ni ushauri, na ushauri aliokwisha kuutaka moyoni mwake ni kumpeleka binti bara, kwa jamaa wa mbali, akajifungulie huko na asirudi. Nikamwambia maneno ya stara, kwamba mwenye kumsitiri Mwislamu mwenzake Mwenyezi Mungu atamsitiri. Nikamwombea dua. Nikamsindikiza mpaka mlangoni. Binti sikumwona, wala sikuomba kumwona, wala sikuuliza ni nani aliyemfanyia. Baadaye nilikuja kumjua mwanamume huyo kwa yakini, kwa kukiri kwake mwenyewe mbele yangu. Alikuwa kijana wa nyumba nzuri, mwenye kazi nzuri, hakosekani safu ya mbele. Mwaka uliofuata alichumbia kwengine. Wazee wa bibi harusi wakaja kuniuliza habari zake, nami nikasema ni kijana wa nyumba nzuri. Na mwozeshaji nilikuwa mimi.

Hapo, msomaji, rudi nami katika kitabu. Amna alipokuwa bado kwa maamuri, yule mhandisi alikuja kumchumbia Khadija. Amna hakustahimili. Alimwendea mama wa Khadija akamfunulia yote, na uchumba ukavunjika. Sehemu hii nilikuwa nikiisomesha kama werevu wa mtumishi, fitina ndogo ya nyumbani yenye kuisogeza hadithi. Wanafunzi wengine walikuwa wakiniuliza kama kitendo chake ni usengenyaji, nami nikawaambia kwamba kina sura ya usengenyaji, tukapita. Na hali Imam Nawawi, katika Riyadhus-Salihin tunayoisomesha kila mwaka, ameeleza mahali sita ambapo kumtaja mtu kwa aibu yake kunajuzu, na mojawapo ni mtu anapotakwa shauri juu ya ndoa. Dalili yake ni Bibi Fatima binti Qays, aliyechumbiwa na Muawiya na Abu Jahm akaenda kwa Mtume (S.A.W.) kumtaka shauri, na Mtume akamweleza ila ya huyu na ila ya yule bila kuficha. Mtumishi wa riwaya, msichana wa shamba aliyejifunza kusoma kwa kuibia, aliitekeleza Sunna ile. Mimi niliyeihifadhi kwa sanadi sikuitekeleza.

Nilikuwa nikidhani nimeshika stara. Nikiitazama leo naona stara ile ilikuwa na mlango mmoja tu, nao ulimfungukia mwanamume. Yeye alisitiriwa, akaozeshwa. Baba alisitiriwa, akabaki mtu wa heshima. Binti hakusitiriwa, aliondolewa. Kumwondoa mtu machoni pa watu na kumsitiri ni mambo mawili, ingawa kwa aliye mbali yafanana. Naiandika tofauti hii kwa sababu nahisi masheikh wenzangu wengi wamewahi kufikiwa na baba kama yule, na maneno tuliyo nayo tayari kinywani ni yale yale niliyoyasema mimi.

Sasa usidhani kwamba kwa haya naipa filamu ushindi. Ina dhambi yake, tena kubwa, nayo iko mwishoni. Katika kitabu mhandisi haadhibiwi. Amna amfunulia yeye ni nani na dada yake alikuwa nani, na wawili hao wabaki pamoja na jambo ambalo haliwezi kusameheka wala kusahaulika, karawani akilia. Kitabu chaishia hapo. Ni mwisho mzito, na miaka mingi niliuona dhaifu. Filamu haikuustahimili. Imemrudisha mjomba na bunduki, amekuja kummaliza Amna pia, na mhandisi ajitia mbele yake, risasi yampata yeye, afa. Nasikitika kusema kwamba nilipoiona risasi ile nilipumua. Mjukuu wangu naye alipumua, nilimsikia.

Ni pumzi hiyo niitiliayo shaka. Mtengeneza sinema amjua mteja wake. Mtu amekaa saa mbili gizani, amemwona Hanadi akifa, hatakubali kwenda nyumbani mpaka damu ilipwe na mtu. Basi amelipwa. Lakini ukitazama vizuri utaona kwamba hapana haki iliyopita pale. Mkono uliomuua mhandisi ndio uliomuua Hanadi, na ulimkosea tu shabaha. Aliyempiga hakumpiga kwa ajili ya Hanadi. Na yeye mhandisi, kwa risasi moja, amegeuka kutoka mkosaji hadi shujaa, watazamaji wamlilia. Ametoka duniani kwa njia nyepesi kuliko ile aliyoiwekewa na kitabu, ya kuamka kila asubuhi katika nyumba moja na dada wa marehemu.

Wala siwezi kusema kwamba mwandishi aliibiwa. Taha Hussein alikuwa hai, aliishi mpaka mwaka 1973, na maneno yanayofunga filamu ile ayasoma yeye kwa sauti yake mwenyewe. Nilipoisikia sauti ile nilishituka, maana kwa miaka arubaini nilikuwa nimemsomea, sikuwahi kumsikiliza. Huenda aliona kwamba sinema ni nyumba ya watu wengine na mgeni hapangi vyombo. Huenda alipenda mwisho ule. Kwangu mimi filamu imenipa Hanadi na imeninyang'anya mhandisi aliye hai, na huyo aliye hai ndiye ninayemhitaji, kwa kuwa ndiye niliye naye mjini. Wa kwetu hakupigwa risasi. Ana wajukuu. Hunipa mkono kila Ijumaa, na mimi humpa wangu.

Ukiniuliza, basi, kama yafaa mtu aangalie filamu ya kitabu akipendacho, nitakwambia kwamba yafaa ajihadhari na vyote viwili. Maneno mazuri humfunika maiti, na picha humfunua kisha ikamlipia kisasi cha bandia. Taha Hussein hakuliona jangwa lile, wala uso wa yeyote katika watu wake. Kila kitu katika kitabu chake chasikiwa: nyayo za ngamia, kilio cha mama, ndege. Mtu asiye na macho ndiye aliyelifikisha kwetu, na mwenye macho mawili na miwani akalisoma miaka thelathini akitafuta tashbihi.

Mjukuu wangu aliandika mtihani wake akapata alama nzuri, ingawa hakukubaliana nami juu ya ule mwisho. Asema kwamba mimi nataka mhandisi aishi ili nami nisiwe peke yangu. Nimelifikiri neno hilo, na sijapata la kumjibu.

Darasa letu la riwaya litaanza tena mfungo pili. Nimekwisha kuwaambia wanafunzi kwamba mlango wa usiku wa jangwani tutausoma mara ya kwanza bila irabu wala balagha, na atakayesema Allah kwa uzuri wa ibara atatoka nje mpaka tumalize. Yule baba amekwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Binti yake yu hai huko bara, sasa ni mama mtu mzima, na amelea mtoto wake peke yake. Nilimpelekea salamu kwa jamaa yake nikaomba nipewe ruhusa ya kumwandikia. Ameuliza nataka kumwandikia kwa jambo gani. Barua nimeianza mara tatu.